Sufu ya Kondoo Ndani ya Kuta

Sufu ni nywele za kondoo, na kazi yake ya kwanza, kabla haijawa blanketi wala sweta, ni kumkinga mnyama mwenyewe. Kondoo wa aina ya Herdwick, wanaofugwa katika milima ya Cumbria kaskazini magharibi mwa Uingereza, hukaa nje majira ya baridi, mvua ikiwanyeshea na theluji ikiwaangukia, huku ngozi iliyo chini ya manyoya ikibaki na joto lake. Wajenzi wa nchi za baridi waliuhamishia uwezo huo nyumbani. Sufu hupangwa katikati ya kuta, juu ya dari na chini ya sakafu za mbao, ili joto la ndani lisitoroke wakati wa baridi na joto la nje lisiingie wakati wa kiangazi. Kitu kinachofanya kazi hiyo huitwa kihami joto.

Sufu isichanganywe na sufi, ingawa masikioni maneno hayo yanakaribiana. Sufi hutoka ndani ya matunda ya mti wa msufi na hujazwa kwenye mito na magodoro. Sufu hutoka mwilini mwa kondoo. Moja ni ya mmea, nyingine ni ya mnyama, na tofauti hiyo huonekana wazi zinapokaribia moto. Hata hivyo zote mbili humpa mtu joto kwa njia ileile: hushika hewa.

Hewa iliyotulia ni mpitishaji hafifu sana wa joto. Tatizo lake ni kwamba haikubali kutulia. Ikipata joto hupanda, ikipoa hushuka, na katika mzunguko huo hubeba joto kutoka upande mmoja wa nafasi hadi upande wa pili. Ukuta wenye uwazi mtupu katikati hupoteza joto kwa sababu hiyo. Ukijazwa nywele nyingi zilizosokotana ovyo, hewa hukwama kati ya nywele na nywele, ikakosa njia ya kuzunguka. Sehemu kubwa sana ya tabaka la sufu lililowekwa darini ni hewa. Nywele zenyewe ni kidogo tu, na kazi yao ni kuifunga hewa hiyo isitembee.

Unywele wa kondoo umeumbwa vizuri kwa kazi hiyo. Ni mwembamba: wa kondoo wa Merino una unene wa maikroni 20 hivi, na wa kondoo wa milimani hufika maikroni 30 hadi 40. Umejengwa kwa keratini, protini ileile iliyomo katika kucha na pembe. Ndani yake mna pande mbili za seli zisizofanana, moja ikivuta zaidi ya nyingine, na mvutano huo huufanya unywele ujikunje kama springi. Ndiyo maana sufu iliyobanwa mkononi hufumka tena ikiachiliwa. Darini, mkunjo huo husaidia tabaka lisilale chini upesi na kupoteza hewa yake.

Wahandisi hupima upitishaji wa joto kwa wati zinazopita katika mita moja ya mraba ya kitu chenye unene wa mita moja kwa kila digrii moja ya tofauti ya joto. Kwa kipimo hicho hewa iliyotulia hupata 0.025. Sufu iliyotengenezwa kwa ajili ya ujenzi hupata kati ya 0.035 na 0.040. Zege zito huzidi 1, na chuma hufika kwenye 50. Kwa hesabu hiyo, tabaka la sufu lenye unene wa sentimita 10 huzuia joto kiasi ambacho ukuta wa zege ungekizuia ukiwa na unene wa zaidi ya mita 3. Lakini washindani wa kweli wa sufu ni pamba ya kioo, pamba inayotengenezwa kwa mawe yaliyoyeyushwa, na povu jeupe la plastiki, lile linalofungiwa televisheni mpya ndani ya boksi. Hivyo vyote vina upitishaji unaokaribiana na wa sufu. Anayeichagua sufu kwa kutazama namba hiyo peke yake hana sababu kubwa ya kuichagua.

Sababu iko kwenye unyevu. Ndani ya nyumba hutengenezwa mvuke mchana na usiku: sufuria jikoni, bafu la maji ya moto, nguo mbichi, pumzi za waliolala. Katika nchi za baridi mvuke huo hupenya kwenye kuta kuelekea nje, na ukikutana na sehemu yenye ubaridi hugeuka matone. Matone yakikaa, mbao huoza na kuvu huota. Pamba ya kioo haiuvuti mvuke ndani ya nyuzi zake. Matone hukaa juu ya nyuzi, yakachukua nafasi ya hewa, na uwezo wa kuzuia joto hushuka. Sufu hufanya jambo lisilo la kawaida. Ngozi ya nje ya unywele, iliyopangwa magamba kama ya samaki, husukuma tone la maji liteleze. Mvuke, ambao ni mdogo kuliko tone, hupita kati ya magamba hayo na kuingia ndani kabisa, ukashikwa na protini. Sufu huweza kubeba mvuke unaokaribia theluthi moja ya uzito wake bila kuonekana imelowa mkononi. Hewa ya nyumbani ikikauka, huuachia tena polepole.

Tukio hilo lina faida nyingine. Mvuke unaponaswa ndani ya sufu, joto hutolewa. Unapoachiliwa, joto huchukuliwa. Mtu aliyevaa sweta la sufu akatoka chumbani kwenda kwenye ukungu wa asubuhi hulisikia joto hilo kwa muda mfupi bila kujua linakotoka. Ndani ya ukuta sufu hufanya kazi ileile: hupunguza makali ya mabadiliko ya ghafla, na huchelewesha ubaridi kufikia kiwango cha kuzaa matone. Kwa sababu hiyo sufu hupendwa sana na wanaokarabati nyumba za zamani za mawe na mbao barani Ulaya, ambazo zilijengwa ziwe zikipumua na huharibika zikizibwa kwa plastiki.

Keratini hunasa pia baadhi ya gesi zisizofaa. Mojawapo ni formaldehaidi, inayotoka kwenye gundi za mbao za viwandani, kama zile za makabati ya bei nafuu. Sehemu fulani za protini huungana nayo kikemia, na kiasi kikubwa cha gesi hiyo hakirudi tena chumbani. Kwa sauti, nyuzi zilizosokotana hupokea mtetemo wa hewa na kuupunguza nguvu, kwa hiyo sufu hutumika pia katika kuta za ndani, kati ya chumba na chumba.

Mbele ya moto, sufu ni afadhali kuliko watu wanavyodhani. Ina naitrojeni nyingi na maji mengi ndani yake, na haiwaki mpaka joto lipite nyuzijoto 550 hivi. Ili iendelee kuungua inahitaji hewa yenye oksijeni ya asilimia 25 au zaidi, na hewa ya kawaida ina asilimia 21. Kipande kikiwashwa kwa kiberiti huungua kwa shida, hugeuka mkaa mweusi unaovunjika, na mara nyingi moto ukiondolewa hujizimia. Haiyeyuki wala kudondosha matone ya moto kama plastiki. Sufi ya msufi ni kinyume chake: hushika moto upesi sana, na hakuna fundi mwenye busara anayeitandaza darini bila dawa. Hata hivyo sufu si jiwe. Nyumba ikishika moto mkubwa, sufu huungua, na moshi wake huwa na gesi za sumu, sianidi ikiwamo. Pamba ya mawe bado ndiyo imara zaidi kwa kuta zinazotakiwa kustahimili moto kwa saa kadhaa.

Matumizi ya sufu katika makazi ni ya kale. Wafugaji wa nyika za Asia ya Kati, kutoka Mongolia hadi Kirgizistani, huishi katika mahema ya duara yanayobomolewa na kujengwa upya kila wanapohama. Wamongolia huliita hema hilo ger. Kiunzi chake ni cha mbao, na juu yake hufungwa mablanketi mazito ya sufu iliyogandamizwa, tabaka moja wakati wa joto na zaidi ya moja wakati wa baridi. Kuyatengeneza hakuhitaji kiwanda: sufu hupigwa kwa fimbo, hutandazwa, hunyunyiziwa maji, huviringishwa kwenye mti na kuburutwa na farasi mpaka magamba ya nywele yang'ang'aniane. Katika nchi ambayo baridi hushuka chini ya nyuzi 30 hasi, hema hilo na jiko moja katikati hutosha familia. Mwaka 2013 ufundi wa ger uliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni usioshikika.

Barani Ulaya sufu ilikuwa mali ya kuvaa na kuuza nje. Katika Bunge la Uingereza, Spika wa Baraza la Juu hukaa juu ya mto mkubwa mwekundu uliojazwa sufu, desturi iliyoanza karne ya 14 ili kukumbusha utajiri wa nchi ulikotoka. Mwaka 1938 mto huo ulipofunguliwa ili kutengenezwa ulikutwa umejaa manyoya ya farasi, ukajazwa upya kwa sufu. Katika karne ya 17 zilitungwa sheria za kulazimisha maiti wazikwe kwa sanda za sufu, kusudi wafugaji na wafumaji wasikose soko. Leo mambo yamegeuka. Nailoni, poliesta na nyuzi nyingine za mafuta zilichukua nafasi ya sufu katika mazulia na nguo, na bei ya manyoya mazito ya kondoo wa milimani ikaanguka. Lakini kondoo lazima akatwe manyoya kila mwaka, la sivyo nzi hutaga kwenye manyoya machafu na funza wakamla akiwa hai. Wafugaji wengi wa Uingereza wamekuwa wakimlipa mkataji zaidi kuliko wanavyopata kwa kuuza. Mwaka 2020, masoko yalipofungwa kwa ajili ya korona, baadhi yao waliamua kuyachoma manyoya au kuyaozesha yawe mbolea.

Manyoya hayo yasiyo na soko la nguo ndiyo malighafi ya kihami joto. Fundi wa nguo hutaka sufu nyembamba, nyeupe na laini. Fundi wa dari hajali rangi, na sufu nene yenye kukwaruza humfaa kabisa. Safari kutoka zizini hadi darini huanza kwa kuchagua na kuosha. Manyoya mabichi yana mafuta, jasho lililokauka, udongo, samadi na mbegu za majani, na uchafu huo huweza kuwa theluthi moja au hata nusu ya uzito wote. Huoshwa kwa sabuni na magadi katika maji moto ya nyuzi 60 hivi, mara kadhaa. Mafuta yanayoelea hukusanywa na kusafishwa, yakawa lanolini, inayouzwa kwa watengenezaji wa losheni na marhamu. Sufu safi hukaushwa, kisha hupitishwa kwenye mapipa yenye meno ya chuma yanayoichana na kuilaza iwe utando mwembamba. Tando hupangwa juu ya tando mpaka unene unaotakiwa ufikiwe. Ili zishikane, viwanda vingine hutumia maelfu ya sindano zinazopenya na kutoka, zikizifunga nyuzi zenyewe kwa zenyewe. Vingine huchanganya nyuzi kidogo za poliesta na kuzipitisha kwenye tanuri, poliesta ikalainika na kuwa gundi. Mchanganyiko huo hutoa tabaka imara zaidi, lakini hupunguza sifa ya sufu ya kuoza yenyewe inapotupwa.

Hatua inayoamua kila kitu ni kinga dhidi ya nondo. Kuna nondo wadogo, rangi ya dhahabu iliyofifia, wanaotaga mayai kwenye sufu. Nondo mzima hali kitu; viwavi wake ndio wanaoila keratini, chakula ambacho wadudu wengi hawakiwezi. Hupenda mahali penye giza, pasipoguswa, na sufu yenye jasho na uchafu huwavutia zaidi. Ndani ya ukuta pana giza na hapaguswi miaka nenda rudi, kwa hiyo sufu isiyotiwa dawa huwa ni karamu. Wenye nyumba wanaorundika manyoya mabichi darini kwa kutaka urahisi hujikuta baadaye wakivunja dari ili kutoa viwavi.

Dawa iliyozoeleka ni chumvi za boroni, ambazo huzuia wadudu na kuongeza ustahimilivu wa moto. Upungufu wake ni kwamba huyeyuka katika maji, na dari ikivuja zinaweza kusombwa. Isitoshe, mwaka 2010 Umoja wa Ulaya uliweka asidi ya boriki na boraksi katika orodha ya kemikali zinazohitaji uangalifu mkubwa, kwa kuwa kwa kiwango kikubwa zinaweza kudhuru uzazi. Watengenezaji kadhaa wakahamia kwenye chumvi za titani, ambazo hung'ang'ania nyuzi zaidi. Nchini Austria umebuniwa mtindo usiotumia sumu kabisa: sufu hupitishwa kwenye hewa iliyochajiwa umeme, protini yake ikabadilika kiasi kwamba viwavi hawaitambui kama chakula. Mnunuzi mwenye akili huuliza dawa iliyotumika kabla hajauliza bei.

Kuipanga ni kazi nyepesi. Sufu haiwashi ngozi wala koo kama pamba ya kioo, na fundi huishika kwa mikono mitupu. Hukatwa kwa mkasi mkubwa au kisu chenye makali, kwa upana unaozidi kidogo nafasi iliyopo kati ya mbao na mbao, kisha husukumwa ijibane yenyewe. Nafasi zisizo na umbo, kama zile zinazozunguka fremu za madirisha, hujazwa mafungu ya sufu isiyoshonwa, na katika nyumba za magogo kamba za sufu hushindiliwa kati ya gogo na gogo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga, na katika kazi hii methali hiyo ni hesabu: mwanya mdogo ulioachwa huwa njia ya hewa, na tabaka zuri lililobaki hupoteza sehemu ya thamani yake. Makosa mengine mawili ni kuibana sufu kupita kiasi, maana ikibanwa hewa hutoka, na kuiweka mahali panapovuja. Uwezo wa kubeba mvuke haumaanishi uwezo wa kubeba maji ya mvua. Sufu iliyolowa chepechepe huchelewa kukauka, hunuka kondoo, na hulala chini ya uzito wake.

Kiasi kinachohitajika si kidogo. Dari ya mita za mraba 100, ikitandazwa sufu ya unene wa sentimita 20, hujaza mita za ujazo 20. Kila mita ya ujazo huhitaji sufu safi ya kilo 20 hivi, jumla kilo 400. Kondoo mmoja hutoa kilo 2 hadi 3 za manyoya mabichi, na baada ya kuoshwa hubaki pungufu. Dari moja, basi, ni mavuno ya mwaka mzima ya kundi la kondoo zaidi ya 200. Hiyo, pamoja na gharama za kuosha na kutia dawa, ndiyo sababu mteja hulipa zaidi kwa sufu kuliko kwa pamba ya kioo, ingawa mfugaji hulipwa karibu na bure.

Kwa upande wa mazingira, hesabu ina pande mbili. Karibu nusu ya uzito wa sufu ni kaboni iliyotoka kwenye majani, ambayo nayo yaliitoa hewani. Hukaa imefungwa ukutani muda wote nyumba inaposimama, na tanuri la kuyeyusha mawe au kioo halihitajiki. Upande wa pili, kondoo hucheua, na anayecheua hutoa methani, gesi inayopasha dunia joto. Kondoo akihesabiwa kuwa amefugwa kwa ajili ya sufu, kihami joto hiki hubeba mzigo mkubwa. Akihesabiwa kuwa amefugwa kwa ajili ya nyama, na manyoya ni mabaki ambayo yangechomwa, mzigo huo huwa mdogo. Sufu ya milima ya Uingereza iko katika hali hiyo ya pili.

Katika Afrika Mashariki kondoo wengi hawana sufu ya kukatwa. Kondoo mwekundu wa Kimasai na kondoo wa Kisomali mwenye kichwa cheusi wana nywele fupi zinazofaa nchi ya joto. Dorper, aliyezalishwa Afrika Kusini kwa kuchanganya damu ya huyo mwenye kichwa cheusi na ya aina nyingine, naye hupukutisha sufu yake mwenyewe. Kondoo wa sufu wako kwenye nyanda za juu zenye baridi, hasa Kenya, ambako Merino, Corriedale na Hampshire Down waliletwa enzi za walowezi na wazao wao bado wanafugwa maeneo kama Molo na Kinangop. Hukohuko ndiko nyumba huhitaji joto usiku. Paa la bati lisilo na kitu chini yake huchoma mchana, huganda alfajiri, na mvua ikinyesha watu hawasikilizani. Sufu iliyotandazwa juu ya dari hupunguza yote matatu. Pwani mambo ni tofauti: joto la bati hushuka zaidi kwa mnururisho, kwa hiyo karatasi inayong'aa iliyoachiwa nafasi ya hewa, pamoja na matundu ya kupitisha upepo chini ya paa, hutangulia kabla ya tabaka lolote la nyuzi.

Sufu, kwa hiyo, haishindi vihami joto vyote mahali pote. Kwa namba za joto hulingana na wenzake, kwa moto huzidiwa na pamba ya mawe, na kwa bei hushindwa na kioo. Kwa unyevu ni vihami joto vichache vya kiwandani vinavyoifikia kwa urahisi, na kwa mikono ya fundi ni salama kuliko pamba ya kioo. Nafasi yake ni nyumba ya mbao au ya mawe inayohitaji kupumua, katika nchi ambayo manyoya tayari yanatupwa. Huko, ikiwa imeoshwa vizuri, imetiwa kinga na imewekwa chini ya paa lisilovuja, hukaa miongo kadhaa bila kudai chochote.